Hindi la picha na hindi la Mutoshi

Msimu unakaribia. Mvua za kwanza hapa kwetu zinaanza kuonekana mwezi wa 10, na katikati ya mwezi wa 11 mwenye shamba anapaswa kuwa na mbegu tayari. Na sawa vile kila mwaka tangu WhatsApp iingie mu nyumba zetu, vitabu vidogo vya kilimo vimeanza kuzunguka mu telefoni: namna ya kulima mahindi, namna ya kufuga kuku, namna ya kupata nyanya wakati wa kiangazi. Vingine ni vya bure. Vingine vinauzwa franka elfu chache kwa M-Pesa ao Airtel Money, na kisha kulipa unatumiwa PDF. Wengi wanaovitengeneza ni sisi wenyewe, wenye lisansi ya agronomia ambao hatujapata kazi ku kampuni za madini na hatutaki kukaa bure.

Nimesoma vitano vya mwaka huu. Majina ya wenyewe nayaacha, tunajuana. Maneno kwa jumla ni mazuri: nafasi kati ya mistari ni sawa, tarehe za kupanda ni sawa, mu viwili hata wamekumbuka kusema udongo wetu ni mchachu na unahitaji chokaa. Picha njo zinaharibu kazi. Bakubwa na badogo, leo nataka kuongea juu ya picha hizo, na juu ya mtu ambaye hatupendi kumlipa: infografu, yule ambaye ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanamwita dizaina.

Tuanze na jalada. Mu vitabu vinne kati ya vitano ni shamba lilelile: mahindi yasiyo na mwisho, mistari sawa kama imepigwa na rula, mashine kubwa kuliko nyumba, mbingu ya buluu. Hilo ni shamba la Marekani ao la Ulaya, limetolewa ku intaneti bure. Shamba la kwetu lina kichuguu katikati, maharagwe chini ya mahindi, mihogo pembeni, na mama mwenye jembe. Kitabu cha tano kimechorwa na akili bandia, na hapo nilicheka peke yangu: hindi limetokea juu kabisa, fasi ya ua la dume, kama taa juu ya mlingoti. Kila mtoto wa Kolwezi anajua kama hindi linatoka ubavuni mwa shina. Mtu anayetaka kutufundisha kulima mahindi hakuangalia jalada lake mwenyewe.

Mtasema jalada ni urembo tu. Sawa, tuingie ndani.

Kiwavijeshi vamizi, kile bamama wa shamba wanakiita paka mududu, kilitoka Amerika na kikaonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016. Kwetu hakikukawia. Tunajua namna ya kukitambua: ngozi haina manyoya mengi, ku kichwa kuna alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia kuna madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Ni alama mbili tu. Hizo mbili njo zinakitenga na kiwavijeshi cha zamani cha Afrika na kile kinachotoboa shina. Kinakaa mu moyo wa mahindi, kinakula usiku, na mchana unaona tu majani yenye matundu na mavi yake kama unga wa mbao. Ukikikuta kikiwa kidogo, unaweza kukiua kwa vidole, ao kwa majivu na mchanga unaoweka mu moyo wa mmea. Kikisha kukomaa na kujificha ndani, hata dawa ya bei kali inapita juu yake.

Sasa kitabu kimoja kinaeleza haya yote vizuri, aya mbili safi, kisha kinaweka picha ya kiwavi cha kijani chenye manyoya, kimelala juu ya jani ambalo hata si la mahindi. Mwenye kitabu aliandika «kiwavi» ku intaneti akachukua kilichokuja mbele. Nani anasoma aya? Mama amefungua PDF ku telefoni ya mtoto wake, kioo kimepasuka, jua ni kali. Anaangalia picha. Anaenda shambani, anatafuta mududu wa manyoya. Akiupata, ananunua dawa juu ya mududu asiye na kosa. Asipoupata, anarudi nyumbani na amani, na yule mwingine anaendelea kula. Hapo hatuongelei urembo tena, tunaongelea mifuko ya unga ya mwaka mzima.

Tena tukumbuke tunamwonyesha nani. Sisi Wakatanga tunakula viwavi vya pori. Mama wa hapa anatenga kile cha kula na kile cha kuacha kwa kuangalia rangi, miiba, hata mti kinapokaa. Kwa kazi ya kuangalia viwavi, yeye ni profesa kutupita sisi wenye diplomu. Ukimwonyesha picha ya uongo, haamini tena hata ukurasa wa mbolea.

Na huo ukurasa wa mbolea! Vitabu vitatu vinasema «weka kifuniko kimoja kwa kila shina». Njia ya kifuniko ni nzuri, ICRISAT waliifundisha Sahel na Zimbabwe, inasaidia mtu mwenye makuta kidogo asimwage mbolea ovyo. Lakini kifuniko gani? Maneno yanasema kifuniko cha chupa ya bia, yaani kile cha chuma cha Simba ao cha Tembo. Picha inaonyesha kifuniko cha plastiki cha chupa ya maji. Ujazo wake si mmoja. Ukizidisha urea karibu na mbegu, unaiunguza. Kosa hili halitoki ku agronomia, mwandishi alijua vizuri. Linatoka kwa sababu hakuna mtu aliyepewa kazi ya kukaa na picha na maneno pamoja na kuuliza kama vinasema neno moja.

Kuuliza hivyo njo kazi ya infografu, na wengi wetu hatujui. Tunafikiri kazi yake ni kuweka rangi na kivuli ku maandishi. Juu ya hiyo tunasema: Canva iko bure, nitafanya mwenyewe usiku huu. Sina ugomvi na Canva, ni chombo, kama panga. Lakini angalia kinachotokea. Chombo kinakupa mifano iliyotengenezwa mbele kwa mtu anayeuza kahawa ao nguo mu mji wa mbali, wewe unabandika mahindi yako ndani. Maneno yanafinywa ili yaingie mu kisanduku kisichokuwa chao. Nimeona kipimo cha NPK kimeandikwa kwa herufi za harusi, zile zenye mikia, ambapo 1 na 7 vinafanana.

Fundi anafikiri juu ya mambo ambayo sisi hatuna habari nayo. PDF ya mega 40 haifunguki kwa mtu anayenunua mega za siku moja. Picha ikipitishwa mu WhatsApp mara tano, vitu vidogo vinapotea, kwa hiyo yale madoa manne ya kiwavi yanapaswa kuchorwa makubwa, pembeni, peke yake. Na kuna fotokopi. Hapa kwetu kitabu kizuri kinaishia ku fotokopi, nyeusi na nyeupe, mashine inayokosa wino upande mmoja. Chukua ukurasa wa mahindi yenye njaa: yakikosa nitrojeni, jani la chini linageuka manjano kuanzia ncha, katikati, mfano wa herufi V; yakikosa fosforasi, pembeni panakuwa zambarau; yakikosa potasiamu, pembeni panaungua. Mu picha za rangi ni wazi. Mu fotokopi ni majani matatu ya kijivu. Mchoraji anayejua kazi haachi rangi peke yake ibebe habari. Anachora umbo la V, anaweka mistari ya kulala pembeni ya jani la pili, madoa ku la tatu. Hata fotokopi mbaya haiwezi kuvifuta.

Kinachonisumbua zaidi, sisi watu wa huku hatuna sababu ya kudharau kazi ya picha. Miaka ya 1970, nyumba nyingi za wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilikuwa na mchoro mu salo: Mamba Muntu na nywele zake ndefu, ao Colonie belge na polisi wake na fimbo. Wachoraji walitumia kitambaa cha mifuko ya unga. Yaani unga ukiisha, mfuko unakuwa picha. Mmoja wao, Tshibumba Kanda-Matulu, mzaliwa wa Elisabethville wa mwaka 1947, alichora mu miaka ya 1973 na 1974 historia yote ya inchi, michoro zaidi ya 100, akaieleza moja kwa moja kwa Kiswahili chetu hiki mbele ya Johannes Fabian, ambaye kitabu chake juu ya michoro hiyo kilitoka mwaka 1996. Na wanunuzi wa kawaida wa picha za namna hiyo walikuwa watu wa mshahara mdogo. Hawakungoja mradi wa wageni, walilipa. Kule Kinshasa, Chéri Samba, ambaye leo michoro yake iko mu makumbusho makubwa, alianza mwaka 1972 kwa kuchora vibao vya matangazo. Infografu wa wakati ule, kusema kweli.

Halafu kuna kazi ya Sammy Baloji, mpiga picha wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1978. Mu mfululizo wake unaoitwa Kolwezi, anaweka picha za machimbo na kambi za wachimbaji karibu na zile afishi za Kichina zinazouzwa sokoni: maporomoko ya maji, bustani, majumba meupe, maua ambayo hatuna. Wachimbaji wanazitundika mu nyumba zao za turubai. Wengine wakiona wanacheka mchimbaji. Mimi sicheki. Mtu aliyeshinda mu shimo ana haki ya kulala chini ya maporomoko ya maji ya karatasi. Afishi ile inafanya kazi yake, inampumzisha. Lakini jalada letu lenye mashine ya Marekani linafanya kazi ileile ya afishi, wakati lilipaswa kufanya kazi ingine. Linauza ndoto kwa mtu aliyelipa ili apate maelekezo.

Mnaweza kuniambia: basi tutafute picha za bure za hapa kwetu. Jaribuni. Andikeni Kolwezi ku intaneti muone. Ni mashimo, vumbi, magunia ya kobalti, watoto wenye koleo. Mutoshi imejulikana nje kwa sababu ya mgodi, na kwa sababu ya ule mradi wa majaribio wa wachimbaji wa mikono uliofanywa kati ya 2018 na 2020. Wapiga picha walikuja wengi, wote wakageuza mgongo kwa mashamba. Mahindi ya Mutoshi, muhogo wa Mutoshi, lengalenga ya bamama pembeni ya barabara, hayamo mu benki yoyote ya picha. Hakuna cha kudaunilodi. Hapo hoja ya «ni bure» inakufa yenyewe: picha tunayohitaji haijakuwako bado, mtu anapaswa kuitengeneza, na mtu huyo anakula bukari kama sisi.

Wenzetu wamekwisha kuonyesha namna. Kenya, tangu mwaka 2010, kuna Shujaaz, hadithi za michoro kwa vijana, zilizotolewa bure ndani ya gazeti na ku vibanda vya M-Pesa, kwa Sheng, si kwa Kiswahili cha shule. Kijana mmoja wa kubuni, Boyie, anaendesha redio yake chumbani. Mu hadithi hizo wameingiza kilimo bila kuhubiri: mojawapo iliyojulikana sana ni ya kupaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwatambue kama chakula. Mwaka 2012 wakapata tuzo ya Emmy ya kimataifa. Ninachopenda pale si tuzo. Ni kwamba mchoro, maneno na kilimo vinatembea pamoja mu hadithi moja. Nina neno moja la kuwapinga: hadithi inavuta, lakini kipimo kinapotea mu hadithi. Ukitaka kujua gramu ngapi, unarudi kutafuta kurasa. Kwa hiyo tusiige kila kitu. Kitabu cha msimu kinahitaji mchoro mkavu, hata wa kuchosha, unaoweza kuufungua katikati ya mstari wa mahindi na mikono michafu.

Sisemi pia kwamba fundi anaponya kila kitu. Mwaka uliopita watu wanne wa asosiasio hii tulichanga tukamlipa kijana mmoja wa hapa Mutoshi, anachora vizuri kabisa, atuchoree kurasa sita. Mchoro wa kwanza ulikuwa safi: mwanaume mwenye kofia anapanda, mistari imenyooka. Tukaupeleka kwa bamama watano kabla ya kuchapa. Mama mmoja akauangalia sana, akauliza: «Huyu mwanaume anapanda? Ba mwanaume beko ku kariere. Huyu ni nani?» Wote wakacheka, na mchoraji akacheka nao, lakini alichukua kalamu palepale. Mwanaume akawa mama mwenye mtoto mgongoni. Kifuniko cha bia, alichokichora kutoka juu, waliona ni ua. Akakichora upya kikiwa karibu na chupa yake, na vidole viwili vimekishika. Siku mbili za kutembea naye zilitupa zaidi kuliko wiki tatu za kutumiana mafaili. Kwa hiyo mkimtafuta infografu, msimpe maneno tu. Mpelekeni shambani na mlipe hizo siku za kutembea, juu nazo ni kazi.

Kulipa. Hapo tunakuwa wadogo. Tunajadili bei na mchoraji sawa vile tunajadili nyanya, na mwisho tunamwambia «fanya kwanza, tutaonana». Mmoja wetu alisema mbele yake: «Anachora tu.» Kijana akajibu bila hasira: «Ku kariere mangaribi banapima, banilipa. Kwenu minangoya mwezi muzima.» Fikirini jibu hilo. Mu mji huu, kila mtu mwenye mikono anapimwa bei na shimo. Kila tukimlipa mchoraji kwa «tutaonana», tunamsukuma ashuke mu shimo, na siku ngazi itavunjika tutaandika rambirambi nzuri ku ukurasa huu, na Canva itatupa mshumaa wa bure.

Basi tufanye kama watu wa shule. Karatasi moja inatosha: kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi yako ndani ya bei, nusu mbele na nusu kisha kupokea, nani anakaa na faili ya asili ili mwaka ujao tubadilishe tarehe bila kuanza sifuri, na jina la mchoraji liandikwe. Sheria iko, ordonansi ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986 inalinda kazi ya mchoraji sawa na ya mwandishi. Tunapenda sana kulia kama watu wanatuibia PDF zetu kwa kuzituma bure mu magroup. Ni kweli, wanatuibia. Lakini ndani ya PDF hizo kuna picha ngapi ambazo sisi tuliomba ruhusa?

Wale wanaouza kitabu, hesabu si ngumu. Tuseme mchoraji anaomba dola 120 kwa kurasa sita. Ukiuza kitabu dola 2, watu 60 wamemaliza deni lake, na michoro inabaki yako ku misimu yote ijayo kama mlikubaliana hivyo. Asiyeweza kupata wanunuzi 60 afanye ukurasa mmoja tu, ule wa kiwavi, aulipie vizuri, na kurasa zingine aziache na maneno bila picha. Maneno peke yake ni bora kuliko picha ya uongo.

Kurasa zetu sita zina kasoro bado. Herufi za ukurasa wa chokaa ni ndogo, na mtoto mgongoni mwa mama amekuwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, jambo ambalo bamama hawajamsamehe mchoraji mpaka leo. Lakini kiwavi kiko sawa: Y ku kichwa, madoa manne ku mkia, nyeusi na nyeupe, na faili haifiki mega moja. Ukurasa huo tumeuweka mu group ya asosiasio, bure. Jina la mchoraji na namba yake viko chini kulia. Anayetaka kazi kama hiyo amwandikie yeye mwenyewe, na bei waongee wao wawili, kabla mvua haijaanza.